Turubai Mlangoni kwa Mama Mkubwa

Mama Mkubwa alikwenda kwenye semina ya mabadiliko ya tabianchi ili akague viti. Sisemi hivi kumdhihaki. Alisema hivyo mwenyewe, tena mbele ya afisa aliyeiandaa. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza vifaa wa chama chetu cha kuzikana, na popote watu walipokusanyika macho yake yalikwenda kwanza kwenye viti, kisha kwenye sufuria, halafu, muda ukiruhusu, kwenye watu.

Chama cha kuzikana ndicho kitu pekee kilichokuwa kikifanya kazi mtaani kwetu. Taa za barabarani ziliwaka zilipojisikia. Maji ya bomba yalikuja yalipokumbuka njia. Lakini mtu akifa, kabla ya machozi ya kwanza kukauka, turubai la kijani lilikuwa limeshasimama mlangoni mwake, viti vimepangwa, sufuria ziko jikoni, na kila nyumba imetoa mtu, ndoo ya maji na mzigo wa kuni. Hakuna aliyesukumwa. Kila mmoja alijua kwamba asiyekwenda kwa mwenzake atakuja kubebwa na wanawe peke yao, na wana wa siku hizi wana migongo mibovu.

Vifaa vyote hivyo vilikaa chumba cha kati nyumbani kwa Mama Mkubwa. Mimi nilikaa chumba cha nyuma, kwa kuwa ni mtoto wa mdogo wake, na saluni yangu ya kusuka nywele ilikuwa pale pale uani. Kwa hiyo wateja wangu walipita katikati ya masufuria ya msiba kwenda kupendeza. Wengine walishtuka. Mama Mkubwa aliwaambia wapite tu, turubai haliumi.

Alishika ufunguo wa chumba kile tangu alipostaafu udobi. Maisha yake yote alifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, na kazi hiyo ilimwachia mikono mikubwa, mgongo ulionyooka, na tabia ya kutoamini neno la mtu mpaka aone shuka lake. Marehemu mumewe alikuwa ameijenga nyumba mwisho wa kichochoro, mahali pa chini kabisa, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyepataka. "Alifurahi sana siku hiyo," Mama Mkubwa alikuwa akisema. "Alidhani wenzake wamelala."

Enzi zile mvua ilikuwa na adabu. Ilianza polepole, ikashinda, ikaaga, na mtaro uliopita mbele ya nyumba uliyabeba maji yote. Siku hizi ilikaa mbali mpaka watu wakaanza kuisahau, halafu ikashuka yote kwa mpigo alasiri moja. Mtaro nao ulikuwa umejaa mchanga, chupa za plastiki, viatu vya mguu mmoja mmoja, na godoro ambalo kila nyumba ilikana kulijua. Maji yakatafuta njia nyingine, na njia nyingine ilikuwa mlango wa Mama Mkubwa.

Mara ya mwisho yalipoingia yalifika magotini. Nilimkuta amesimama juu ya kitanda, amelibeba turubai mabegani, na chumba cha kati masufuria yanaelea yakigongana taratibu. Hakulia. Alikuwa akiyataja masufuria kwa majina, kila moja na msiba uliofanya linunuliwe. Kesho yake mwanawe akaja.

Mwanawe, ambaye namwita kaka kwa kuwa tumelelewa sahani moja, alikuwa mtu wa bima katika mji mwingine, na bima ilikuwa imemharibu. Haoni ngazi bila kumwona mtu akianguka kutoka juu yake. Aliizunguka nyumba akigusa kuta kwa kidole, akalinusa godoro la mama yake, akakaa kwenye kiti cha chama na kutoa hukumu.

"Mama, sikuombi, nakuambia. Maji yakiingia humu mara moja tena, nakuja na lori. Unahamia kwangu. Chumba kipo."

"Chumba kipo," Mama Mkubwa alirudia, kwa sauti ya mtu anayesomewa majibu ya vipimo.

Alikuwa amewahi kukaa huko, akarudi kabla ya muda amekonda. Si kwamba mkwe wake alikuwa mbaya. Alikuwa mwema kupita kiasi. Hakumruhusu hata kuosha kikombe. Geti lilifungwa mchana kutwa. Jirani wa kulia hakumjua jirani wa kushoto, na Mama Mkubwa alipokwenda kupiga hodi awasalimu, mlinzi alimuuliza anauza nini.

"Huko, mwanangu, mtu akifa wanapiga simu," aliniambia. "Gari linakuja, linambeba, geti linafungwa. Hata kiti hakitoki nje. Bora maji. Maji nayajua, na zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Aliogopa, na sikuwa nimezoea kumwona anaogopa. Nami niliogopa. Nyumba ikifungwa na saluni imekwenda, ni kweli, lakini zaidi ya hilo sikujua ningeishi vipi katika nyumba isiyo na mtu wa kunigombeza.

Ndipo ikaja hiyo semina. Afisa wa mazingira alikuwa binti mmoja mwenye subira na viatu vilivyochoka, nami sina neno baya juu yake. Alieleza vizuri. Dunia imepata joto kwa moshi wa viwanda na magari na kwa misitu inayokatwa, ndiyo maana mvua zimebadili mwendo; sisi hatuwezi kuirudishia mvua adabu yake kwa siku moja, lakini tunaweza kuacha kuizibia njia. Zibueni mtaro na muupanue, alisema. Pandeni nyasi na miti kwenye kingo, ishike udongo na kuwapa kivuli. Fungeni mifereji kwenye mabati ipeleke maji kwenye mapipa, yasishuke yote kichochoroni kwa wakati mmoja. Plastiki msiitupe wala msiichome, wapeni wanaoikusanya. Mama Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono, akasema yeye alikuja kukagua viti, na viti ni vibovu, lakini maneno ni mazuri.

Siku hiyo hiyo ikaundwa Kamati ya Tabianchi ya Mtaa, yenye mwenyekiti, makamu, katibu, katibu msaidizi na mlezi. Ikakutana kujadili rangi ya fulana. Wengine walisema kijani ndiyo rangi ya mazingira. Wengine wakasema kijani ni ya turubai la msiba, italeta mkosi. Ikakutana tena kwa jambo hilo hilo. Baada ya hapo ikafa, na haikupata hata wa kuizika.

Godoro likabaki mtaroni. Mawingu yakaanza kukusanyika kila mchana na kutawanyika, kama watu wanaosubiri mmoja wao aanze. Mama Mkubwa akajifunga kitambaa cha kichwa akaenda kwa mwenyekiti wa chama cha kuzikana.

Huyu alikuwa mkaguzi wa tiketi za reli ambaye serikali ilimstaafisha lakini yeye mwenyewe hakukubali. Ukikaa naye kwenye benchi unajikuta unapapasa mfuko kutafuta tiketi. Tulimwita Mkaguzi. Siku hiyo nilikuwa barazani kwake nikimsuka mkewe, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Nataka chama kizibue mtaro," Mama Mkubwa alisema.

"Katiba ya chama ni kuzikana, dada yangu. Mtaro haumo."

"Mtaro wenyewe umekufa."

"Mtaro si mwanachama."

Mama Mkubwa alishusha pumzi. "Nisikilize, ndugu yangu. Mvua ikishuka, turubai litaoza na masufuria yatakwenda na maji. Akifa mtu utawakalisha watu wapi? Na mimi nikihamishwa, vifaa vitakaa kwa nani? Kwako?"

Mkewe, ambaye kichwa chake kilikuwa mikononi mwangu, alisema upesi kwamba kwao hakuna nafasi.

"Yaliyopita si ndwele," Mkaguzi alisema. "Na maji yakimwagika hayazoleki."

"Ya kwangu huwa nayazoa kwa ndoo."

Mkaguzi alitazama juu, mahali ambapo kwa kawaida huwa kuna ratiba ya treni. "Nitaitisha kikao," alisema. "Baada ya mvua."

Mama Mkubwa aliaga kwa heshima zote. Niliacha kichwa nusu nikamfuata, na kwa mwendo wake nikajua kuna jambo linaiva. Tulipofika nyumbani alitoa ufunguo kifuani na kuugeuzageuza.

"Mwanangu, watu wa mtaa huu tangazo hawasomi, mkutanoni hawaendi, simu wanazima. Ni kitu gani kinachowatoa ndani wote?"

"Msiba," nikasema.

"Turubai," akanisahihisha.

Asubuhi iliyofuata aliwaita mafundi wa turubai wa chama, wanaume wawili wenye kipaji cha kusimamisha nguzo na kutouliza maswali. Akawaambia walisimamishe pale mtaro ulipoziba zaidi. Hapo ndipo lilipokuwa kosa, maana mtaro uliziba zaidi mbele ya mlango wake mwenyewe. Turubai likasimama, viti vikapangwa, masufuria yakatoka, mafundi wakaenda zao. Mama Mkubwa akavaa mabuti ya marehemu mumewe, akashuka mtaroni, akaingia chini ya ubao wa kuvukia na kuanza kulivuta lile godoro. Mimi alinituma duka la mbali nikachukue majani ya chai, kwa kuwa la karibu aligombana nalo. Juu ya ardhi hakubaki mtu wa kueleza chochote.

Sasa mfikirie mtu anayefungua dirisha lake asubuhi hiyo. Turubai la msiba liko mlangoni kwa mama mzee, ambaye juzi juzi alilala katika unyevu, na mama mwenyewe haonekani. Nani angeuliza kitu?

Fundi saa alikuwa wa kwanza. Yeye alilia kwenye kila msiba, hata wa watu asiowapenda, na siku hiyo alianza kulia tangu nyumbani kwake. Akakaa kiti cha mbele na kuufunika uso kwa kofia. Wakafuata wengine. Kila nyumba ikaleta mtu, ndoo ya maji na kuni. Wanaume wakaja na majembe na sepetu, kwa kuwa kaburi halichimbwi kwa vidole. Mkaguzi akaja na suti yake ya misiba, midomo inamcheza. Aliwaambia waliokaa karibu kwamba jana tu mama huyu alimwomba jambo, naye akamwambia asubiri baada ya mvua. "Jambo dogo," alikuwa akirudia. "La mtaro." Na mtu mmoja mwenye roho nzuri, ambaye mpaka leo hajajitaja, akampigia kaka yangu simu.

Nilirudi na majani ya chai nikakuta mtaa mzima umeketi kimya mbele ya nyumba yetu. Watu wakanishika mikono. Mke wa Mkaguzi, kichwa nusu kimesukwa tangu jana, alinikumbatia akaniambia nijikaze. Nami, mjinga wa mwisho, niliyekuwa nimemwacha Mama Mkubwa mzima wa afya akinigombeza, nikaanza kulia. Watu wengi wakiamini jambo kwa pamoja, wewe mmoja unapata wapi nguvu za kukataa?

Sauti ikatoka chini ya ardhi.

"Mnalia nini na mimi navuta peke yangu? Leteni jembe huku."

Viti vilianguka safu nzima. Fundi saa alikimbia mpaka kona, akasimama huko akitazama. Kichwa cha Mama Mkubwa kilikuwa kimechomoza kando ya ubao, kitambaa kimelowa matope, mkononi ameshika pembe ya godoro. Aliwaangalia watu wake, suti zao, nguo zao nyeusi, majembe yao, akaelewa kila kitu. Wala hakuomba radhi.

"Kwa kuwa mmekuja nayo," alisema, "msirudi nayo safi."

Watu wakaanza kunung'unika. Mmoja alisema huu ni utapeli, arudishiwe kuni zake. Macho yote yakamgeukia Mkaguzi, na mimi nikajua sasa tunasomewa katiba. Lakini alikuwa ametoka kumlilia mtu kisha akarudishiwa, na jambo hilo humlegeza hata mtu wa reli.

"Turubai limesimama," alisema. "Likisimama, haondoki mtu mpaka kazi iishe. Huo ndio utaratibu." Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka kitini, akashuka mtaroni na tai yake.

Shida ni kwamba hawakujua kufanya kazi kwa namna yoyote nyingine ila ya msiba. Wachimbaji walichimba kwa zamu, kimya, vichwa wazi. Wanawake waliliteka jiko. Wazee wawili wa kupokea wageni walikaa mwanzo wa kichochoro na kumpa pole kila aliyepita, naye akashukuru. Mchana Mkaguzi akasema hakuna shughuli ya chama isiyo na wasifu, kwa hiyo alisimama na matope mapajani akautoa wasifu wa mtaro. Ulichimbwa na wazazi wetu, alisema. Ulizihudumia nyumba zote bila ubaguzi. Ukaanza kuugua taratibu kwa kula vitu ambavyo hatukupaswa kuulisha, na umeacha godoro moja. Akauliza kama yupo mwenye neno juu ya godoro. Fundi saa, aliyekuwa amerudi, akalia upya, safari hii kwa namna iliyotufanya tutazamane.

Ni wakati huo ambapo gari la kaka lilisimama mwanzo wa kichochoro. Akapewa pole na wale wazee wawili, ambao walishasahau kwamba hakuna aliyekufa. Akaja akikimbia, mkewe nyuma yake na viatu vyeusi vya kisigino, na alichokiona ni turubai, watu wenye sepetu, na shimo refu lililochimbwa mbele ya mlango wa mama yake.

"Mnamzika hapa?" aliuliza. "Mlangoni? Bila hata kunisubiri?"

Kila mmoja alisubiri mwenzake aeleze. Kaka akapiga magoti ukingoni na shati lake jeupe, akaanza kuyasema yale ambayo mtoto huyasema akiwa amechelewa. Kwamba angekuja kila mwezi. Kwamba asingemtisha na lile lori. Kwamba angemwacha akae anapotaka mwenyewe. Na Mama Mkubwa alikuwa pale pale chini yake, kwenye kivuli cha ubao, anakunywa chai. Alimwacha aseme. Alipuliza chai yake na kusikiliza mpaka mwisho, na mimi bado naona ile ilikuwa dhambi, ingawa nacheka.

"Rudia hapo pa kukaa ninapotaka," alisema. "Watu wasikie."

Kaka hakukimbia kama fundi saa. Aliteleza akaingia mtaroni kwa makalio, akayashika yale mabuti mawili kwa mikono yote na kulia kwa sauti kama alivyolia tulipokuwa wadogo. Hapo hakuna aliyecheka. Mama Mkubwa aliweka kikombe chini, akamwekea mkono kichwani, mkono wote na matope yake, akauacha hapo.

"Nipo, baba," alisema. "Nipo."

Alipotulia, mtu wa bima akamrudia. Alipangusa uso, akautazama mtaro juu na chini, akasema kwamba maneno ya kwenye huzuni si mkataba. Maji yakiingia, lori linakuja. Mama Mkubwa akampa sepetu. Mkwe alivua viatu vyake akaenda jikoni, na Mama Mkubwa, ambaye hakuwa mtu wa kisasi lakini pia hakuwa mtu wa kusahau, akamruhusu kuosha vikombe vyote.

Mtaro ulizibuka kabla jua halijazama. Mafundi walipokuja kulishusha turubai, Mama Mkubwa akawarudisha. Litashuka, alisema, siku kila nyumba itakapokuwa na pipa chini ya bati lake. Turubai la msiba likisimama muda mrefu ni aibu kwa mtaa. Ndugu wa mbali wakawa wanapiga simu kuuliza nani kafa, na wachumba wakaanza kuahirisha. Mapipa yakapatikana. Afisa wa mazingira akaja na viatu vyake vilivyochoka, akatuonyesha pa kupanda nyasi na pa kupanda miti, akaangalia kila kitu mara mbili. Halafu akauliza kwa upole kamati yake iko wapi. Mkaguzi akamwambia ni marehemu.

Turubai likashuka. Viti vikarudi chumba cha kati. Mkaguzi alivihesabu akasema kimoja hakijarudi. Mama Mkubwa, ambaye kuhesabiwa viti ilikuwa kwake kama kutukanwa, alimwambia vipo vyote, arudi shule.

Mvua ikaja alasiri moja nina mteja kitini. Ilishuka yote kwa mpigo kama kawaida yake mpya. Tulisikia mapipa yakijaa mtaani kote, kisha mtaro ukaanza kunguruma. Mama Mkubwa alisimama mlangoni na fagio. Maji yalipita kahawia, yenye haraka, yakijua yanakokwenda, naye akaanza kutabasamu.

Kisha yakapanda. Sikuelewa. Yaliufikia ukingo, yakamwagika, yakalamba ngazi ya chini. Simu yangu ikalia, alikuwa kaka.

"Usipokee," Mama Mkubwa alisema. Alikuwa ameshika fagio kwa mikono miwili, amelikingamiza kizingitini. "Mwanangu, usipokee kwanza."

Maji yakapanda ngazi ya pili. Kizingiti ndicho kilichobaki. Ndipo nikamwona Mkaguzi anakuja kichochoroni na fulana ya ndani, mwavuli umegeuka juu chini, akipiga kelele ambazo hatukuzisikia. Alijitupa kifudifudi juu ya ubao, akaingiza mkono chini yake mpaka begani, akavuta, akavuta tena, akatoka na kiti. Kiti cheupe cha plastiki, mali ya chama. Kilikuwa kimesahaulika mtaroni na kukingama chini ya ubao, na takataka zote zilikuwa zimekikalia. Maji yalishuka kwa mlio mmoja mkubwa. Ngazi ya pili ikaonekana, halafu ya kwanza.

Mkaguzi alikiinua kile kiti juu ya kichwa chake, maji yanamchuruzika. "Nilihesabu," alisema. "Nilisema kimoja hakijarudi."

Mama Mkubwa alikipokea kiti, akakikagua pande zote.

"Umekivunja mguu," alisema. "Ingia ndani, utapata homa."

Simu ililia tena, na safari hii akaichukua mwenyewe.

"Yameingia?" kaka aliuliza.

"Yamepita."

"Yamefika wapi?"

"Mlangoni. Yamesalimu, yakaenda zake."

Nikasikia kaka akimwambia mkewe kwamba chumba kile sasa wanaweza kumpa mpangaji.

Tangu hapo turubai likawa na kazi mbili. Kila mvua zilipokaribia lilisimama mbele ya mlango wetu, na watu wakatoka na mabuti na sepetu bila kuuliza. Mkaguzi alibadilisha katiba ili mtaro uwe mwanachama. Mitaa ya jirani ilikuja kutazama, kisha ikaanza kusimamisha maturubai yake, na ndugu zao wa mbali nao wakaanza kupiga simu. Nyasi zilishika. Miti ikapanda, ikalipita turubai, mpaka siku za kazi tukawa tunaweka viti chini ya matawi.

Mama Mkubwa alifariki asubuhi moja ya kiangazi, kitandani kwake, ufunguo kifuani. Niliuvua mwenyewe. Niliwaita mafundi wa turubai, wakalisimamisha mlangoni, wala hawakuuliza. Nikarudi ndani kukaa naye kidogo. Sikufikiria kwamba nilipaswa kumweleza mtu yeyote. Turubai si limesimama?

Nilipotoka, mtaa mzima ulikuwa mlangoni. Walikuwa wamevaa mabuti. Wana majembe, ndoo, makapu ya takataka. Fundi saa alikuwa akipiga mluzi. Mke wa Mkaguzi alikuwa tayari anabandika chai. Mkaguzi mwenyewe, mzee sasa, sepetu begani, alikuwa amekasirika kidogo.

"Mbona mapema mwaka huu?" aliniuliza. "Mawingu yenyewe hakuna. Yuko wapi huyu? Ameshashuka?"

Na akainama, akaangalia chini ya ubao.

Nilifungua kiganja, ufunguo ukaonekana. Alikaa ameinama vile, akiangalia mahali ambapo hapakuwa na mtu, mpaka mluzi wa fundi saa ukakatika. Kisha akanyooka polepole na kuvua kofia.

Watu walisimama na sepetu zao. Hakuna aliyelia, hata fundi saa. Nadhani machozi yake yalikuwa ya misiba ya wengine; huu ulikuwa wake. Mkaguzi ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, kwamba turubai limesimama. Akashuka mtaroni. Wakashuka wote. Wakauzibua kutoka juu mpaka chini, pasipo zamu wala wasifu, huku mawingu ambayo hayakuwepo yakianza kujikusanya.

Mvua ilishuka kesho yake, yote kwa mpigo, wakati ule ule wa kumtoa. Mkaguzi alihesabu viti, akaviona vimetimia. Tukamtoa Mama Mkubwa kwa mlango wake mwenyewe, mtaro ukinguruma chini ya ubao, na waliombeba walivuka chini ya turubai kwa viatu vikavu.